Mikono Iguse Mashine: Hoja ya Kufundisha Maunzi ya Kompyuta kwa Vitendo Hospitalini

Saa mbili asubuhi, foleni ya mapokezi katika hospitali ya wilaya huwa imekwisha kuvuka mlango. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa ameketi karibu na dirisha. Mzee mwenye kisukari, aliyeondoka nyumbani bila kula kwa kuwa anatakiwa kupimwa damu, ameshika kadi yake ya bima. Karani anabonyeza kitufe cha kompyuta. Feni inavuma, kioo kinabaki cheusi, na ndani ya kasha mlio mfupi unajirudia. Anazima na kuwasha tena. Mlio ni ule ule. Anampigia simu fundi wa TEHAMA, naye yuko katika kituo kingine, mbali na hapo. Kinachobaki ni kuwatangazia wagonjwa maneno waliyokwisha kuyazoea: "Mfumo umegoma. Subirini."

Mfumo haukugoma. Katika kompyuta nyingi za mezani, mlio wa namna hiyo usioambatana na picha huashiria kwamba kibao cha kumbukumbu, kile kiitwacho RAM, hakikukaa sawasawa mahali pake. Pengine kasha lilisogezwa wakati wa kudeki, pengine vumbi limejipenyeza. Tiba yake ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme, kufungua kasha, kutoa kibao hicho, kupangusa vumbi, na kukirudisha mpaka vishikizo vyake vibane. Kwa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo hata mara moja, dakika kumi zinatosha. Kwa mtu asiyewahi kuifanya, asubuhi nzima haitoshi, na mzee mwenye kisukari anazidi kukaa na njaa.

Kutokana na hali hiyo, ipo haja ya kusema wazi jambo ambalo limeachwa kando kwa muda mrefu. Wahudumu wa afya wanaotumia kompyuta kila siku wafundishwe maunzi, yaani sehemu za kompyuta zinazoonekana na kushikika. Na wafundishwe kwa kuzishika, si kwa kuonyeshwa picha zake.

Somo la zamani la taaluma ya tiba

Taaluma ya tiba ina kumbukumbu ndefu kuhusu jambo hili. Kwa muda mrefu katika vyuo vikuu vya Ulaya, mwalimu wa anatomia aliketi juu ya kiti kirefu akisoma maandishi yaliyotokana na Galen, huku mtu mwingine akipasua maiti chini yake na wanafunzi wakitazama kwa mbali. Maiti ilipopingana na kitabu, aghalabu kitabu ndicho kilichoaminiwa. Andreas Vesalius, aliyefundisha katika mji wa Padua, alishuka kutoka katika kiti hicho akashika kisu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1543 alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu muundo wa mwili wa binadamu, na humo akasahihisha makosa mengi ya Galen. Mojawapo lilikuwa dai kwamba taya la chini la binadamu lina mifupa miwili. Mkono ulioshika taya hilo ulikuta mfupa mmoja.

Tangu hapo taaluma imejengwa juu ya mkono unaogusa. Hakuna mkunga anayeruhusiwa kuzalisha kwa sababu tu alisoma sura ya uzazi, wala daktari anayeaminiwa kusikiliza moyo kwa sababu alitazama mchoro wake. Wahenga walikwisha kusema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Ajabu ni kwamba taaluma hiyo hiyo, inapofundisha kompyuta, hurudi kwenye kiti kirefu cha mwalimu wa zamani. Mafunzo huandaliwa katika ukumbi. Slaidi hupita ukutani: mchoro wa ubao mama wenye mishale, orodha ya majina, picha ya diski. Washiriki huandika, hula chakula cha mchana, husaini karatasi ya mahudhurio na kurudi makazini wakiwa hawajagusa hata skrubu moja. Tena walioalikwa mara nyingi ni wakuu wa idara, ilhali wanaokaa na mashine kutwa nzima ni karani wa masjala, muuguzi wa zamu, mtoa dawa na mtaalamu wa maabara. Aliye karibu na mgonjwa na mashine ndiye aliye mbali na mafunzo.

Kwa nini sasa

Zamani jambo hili lingeweza kusubiri. Faili la karatasi likikosekana, daktari aliandika jipya. Leo hospitali na vituo vingi vya umma nchini Tanzania vimehamishia kazi zao katika mifumo ya kielektroniki kama GoTHOMIS. Kompyuta imekuwa mlango wa kila huduma: usajili, malipo, vipimo, majibu, dawa na madai ya bima. Mlango huo ukifungwa mapokezi, maabara haioni ombi la kipimo na dirisha la dawa halioni cheti. Kifaa kilichokuwa pambo la ofisi ya mganga mkuu kimekuwa sehemu ya tiba, na kifaa kilicho sehemu ya tiba hustahili kufahamika na wanaokitumia.

Upo ushahidi kwamba ujuzi mdogo ulio mahali panapohitajika huleta matokeo makubwa. Mwaka 2010, Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwenzake walichapisha uchunguzi wa vifaa vya tiba na maabara vilivyoharibika katika hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali, katika nchi 11. Walijaribu kuvitengeneza kwa kutumia vitu vinavyopatikana papo hapo. Vifaa 1,821, sawa na asilimia 72 ya vilivyokuwa vimeacha kufanya kazi, vilirudi kazini bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje. Jambo la kutafakariwa zaidi ni hili: takribani robo ya matengenezo yaliyofanikiwa hayakuhitaji zaidi ya kukifunga kifaa ipasavyo au kumfundisha mtumiaji wake. Uchunguzi huo ulihusu vifaa tiba, si kompyuta za mapokezi, na haifai kuhamisha tarakimu zake kana kwamba ni kitu kimoja. Hata hivyo, fundisho lake linavuka mpaka huo. Mara nyingi kinachokosekana si kipuri wala mtaalamu bingwa. Kinachokosekana ni mtu wa karibu anayejua mambo machache kwa uhakika.

Darasa lenyewe lilivyo

Darasa linalokusudiwa hapa halihitaji ukumbi. Linahitaji meza imara, kompyuta mbili au tatu zilizokwisha kuondolewa kazini kwa utaratibu wa hospitali, bisibisi, brashi laini, fundi mmoja na wanafunzi wasiozidi sita. Idadi hiyo ina maana yake: wakizidi, wawili hushika na waliobaki hutazama, na anayetazama amerudi katika ukumbi wa slaidi.

Somo la kwanza ni kufungua na kutaja. Hiki ni kisanduku cha umeme, kinachopokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa umeme mdogo unaovumilika na vipande vya ndani. Huu ni ubao mama, unaounganisha viungo vyote. Hiki ni kichakataji, na juu yake pana feni ya kukipoza. Hivi ni vibao vya kumbukumbu, vinavyosahau kila kitu umeme unapokatika. Na hii ni diski, inayotunza kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Mwanafunzi aliyeshika RAM kwa mkono mmoja na diski kwa mkono mwingine hahitaji tena kuambiwa kwa nini kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea umeme unapokatika.

Somo la pili ni vumbi na joto. Mashine iliyojaa vumbi haipumui. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake chenyewe, na likizidi zaidi mashine hujizima. Watumiaji husema "mtandao mzito", lawama zikaenda kwa kampuni ya simu, ilhali tatizo liko ndani ya kasha, katika feni iliyovikwa koti la vumbi. Kusafisha kwa ratiba, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ni chanjo ya bei nafuu kuliko zote.

Somo la tatu ni betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyopachikwa kwenye ubao mama. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee kutembea mashine inapokuwa haina umeme. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila asubuhi. Dukani hilo ni kero. Hospitalini ni hatari. Kumbukumbu iliyoandikwa kwa tarehe ya uongo huvuruga mpangilio wa dozi, wa majibu ya vipimo na wa mahudhurio ya kliniki. Aidha, tovuti zenye ulinzi hukataa kufunguka kwa mashine yenye tarehe isiyo sahihi. Betri hiyo ni ya bei ndogo, lakini anayejua kwamba ipo ni yule tu aliyewahi kufungua kasha.

Somo la nne ni kusikiliza. Daktari hufundishwa kuanza na historia ya ugonjwa kabla ya kuandika dawa, na mashine inadai adabu ile ile. Tatizo lilianza lini? Nini kilibadilika kabla yake? Nani aliigusa mwisho? Je, kompyuta ya jirani nayo imeathirika, au ni hii peke yake? Waya umekaza pande zote mbili? Diski yenye sahani inapotoa sauti ya kugonga-gonga, hiyo ni dalili ya hatari: mashine isiwashwe na kuzimwa mara kwa mara kwa kubahatisha, bali ipumzishwe na fundi aitwe kuokoa kumbukumbu. Muuguzi anayeweza kumwambia fundi kwa simu kwamba taa ya umeme inawaka, feni inazunguka, hakuna picha na mlio unajirudia, amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi. Anayesema "imekufa tu" hajasema lolote.

Somo la tano ni kifaa cha kushikilia umeme, UPS. Wengi hukidhani kuwa jenereta. Kazi yake ni kuwapa watumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Betri yake huchakaa kadiri miaka inavyopita, na mlio wake ni ombi la kuangaliwa, si kelele ya kunyamazishwa. Printa za leza na birika la chai havichomekwi humo, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Mipaka ya mkono

Mkono uliofundishwa hujua pia mahali usipopaswa kufika, na somo hili haliwezi kupatikana kwa tahadhari iliyobandikwa ukutani. Kisanduku cha umeme kinatolewa na kubadilishwa na fundi, lakini hakifunguliwi na mwanafunzi, kwa kuwa ndani yake mna vipande vinavyoweza kubaki na umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa. Kabla ya kugusa kibao chochote, mwanafunzi huvaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, au angalau hugusa kwanza chuma cha kasha kisicho na rangi, maana umeme tuli wa mwilini, ule ambao mtu hausikii kabisa, unaweza kuua kibao cha kumbukumbu.

Mpaka mkubwa kuliko yote ni huu: ruhusa ya kufungua kompyuta ya masjala si ruhusa ya kufungua kifaa tiba. Mashine ya kushtua moyo, mashine ya usingizi, eksirei na kichunguzi cha mgonjwa aliye mahututi ni kazi ya mhandisi na fundi sanifu wa vifaa tiba peke yao. Hata kompyuta iliyounganishwa na vifaa hivyo haiguswi bila wao.

Siri ya mgonjwa ni kitu kinachoshikika

Wahudumu wa afya huapa kutunza siri ya mgonjwa, nao huifikiria siri kama maneno. Katika darasa la vitendo, siri hiyo huwekwa kiganjani: ni diski ndogo yenye uzito wa mkate wa ofa, na inaweza kubeba majina, simu, magonjwa na majibu ya vipimo vya maelfu ya watu. Wengi huamini kwamba faili likifutwa limetoweka. Kwa kawaida kufuta huondoa anwani ya faili tu. Maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ya kawaida anaweza kuyarudisha.

Kompyuta chakavu inayouzwa kwa mnada ikiwa na diski yake ni sawa na kuuza masjala nzima pamoja na kabati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kuchomoa diski. Anayeweza ni mhudumu aliyewahi kuiona na kuishika, akajua kwamba hiyo ndiyo sehemu isiyotoka hospitalini bila kufutwa ipasavyo au kuharibiwa mbele ya mashahidi. Mashine zilizobaki nazo hazitupwi jalalani wala kuchomwa pamoja na taka za wodini, kwa sababu ndani yake mna risasi na metali nyingine zenye sumu.

Lipo pia suala la vimelea. Vijidudu vinavyosababisha maambukizi ya hospitalini, akiwamo Staphylococcus aureus, vimepatikana mara nyingi kwenye kibodi za wodini. Mhudumu anayeiogopa kibodi haisafishi. Anayeijua huizima mashine, huichomoa kibodi na kuipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa dawa, pasipo kumwaga. Kisha hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

Pingamizi zenye uzito

Wapo watakaosema kwamba kila kazi ina mwenyewe, na kwamba muuguzi hakuajiriwa kushika bisibisi. Ni kweli. Lakini muuguzi huyo huyo hufungua mtungi wa oksijeni, husoma kipimo chake na hutambua unapovuja, wala hakuna anayemwita mhandisi. Kinachopendekezwa ni huduma ya kwanza, na huduma ya kwanza haijawahi kumnyang'anya daktari mgonjwa wake.

Wengine watahofia uharibifu. Hofu hiyo hujibiwa na mashine za mazoezi, ambazo tayari zimekufa, na mwongozo wa ukurasa mmoja unaotaja nani anaruhusiwa kufanya nini. Uharibifu mwingi hufanywa na mikono isiyofundishwa, inayopiga kasha kofi na kulazimisha plagi mahali isipoingia.

Pingamizi zito zaidi ni la wahudumu wenyewe. Zamu ni ndefu, watumishi ni wachache, na uzoefu umewafundisha kwamba kila ujuzi mpya hugeuka kuwa mzigo mpya usiolipwa. Wanahofu pia kwamba uongozi, ukiona karani anaweza kurudisha RAM mahali pake, hautaona tena sababu ya kuajiri fundi. Hofu hii haipaswi kupuuzwa. Darasa litolewe ndani ya saa za kazi, lihesabiwe katika mafunzo endelevu ya kitaaluma, na nafasi za mafundi zijazwe kama zilivyopangwa. Hospitali itakayotumia darasa hili kama kisingizio cha kukosa fundi itakuwa imefanya kama ile inayowafundisha wananchi kufunga jeraha, kisha ikafunga chumba cha upasuaji. Kwa upande mwingine, fundi mmoja anayehudumia vituo vingi hufanya kazi bora zaidi pale ambapo haitwi kuja kukaza waya uliolegea.

Kinachotakiwa kufanywa

Mambo matatu yanatosha kuanzia. Kwanza, kila hospitali itenge saa moja kwa mwezi na meza moja, na mashine zilizofutwa katika daftari la mali zipitie mezani hapo kabla ya kwenda kwingine, diski zake zikiwa zimekwisha kuondolewa. Pili, vyuo vya afya viliingize somo hili katika mafunzo ya vitendo, na mwanafunzi apimwe kwa kufungua, kutaja, kusafisha na kufunga mashine ikawaka, si kwa kuchagua jibu kati ya A na D. Tatu, kila kitengo kiwe na daftari la hitilafu: tarehe, dalili, kilichofanyika, matokeo. Daftari hilo ni jalada la mgonjwa wa chuma, na bila jalada hakuna tiba inayoendelea.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Wanapoambiwa mfumo umegoma, wana haki ya kuuliza kwa upole utaratibu wa karatasi ni upi, kwa maana kila kituo kinapaswa kuwa nao. Mwenye kisukari aliyekuja bila kula, mjamzito mwenye dalili za hatari na mzazi mwenye mtoto aliyelegea wasisubiri kioo kiwake. Wamwambie muuguzi mara moja, naye awaone kwanza na kuandika baadaye. Kompyuta hutunza kumbukumbu ya huduma, lakini haipaswi kuwa sharti la kuokoa uhai.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe hapa ni mdogo: skrubu mbili, kibao kilicholegea, vumbi katika feni. Siku ambayo karani wa mapokezi atachomoa waya, atafungua kasha bila woga, atakikaza kibao na kuona kioo kikiwaka, mzee mwenye kisukari atapimwa damu yake kwa wakati na kwenda kunywa chai. Hatajua kilichofanyika, wala hakuna haja ajue.